Watazamaji Hasi Elfu Ishirini na Saba

Kompyuta ya mkoa wa Shinyanga ilisema kwamba watu waliokuja kutazama ngoma ya nungunungu walikuwa hasi elfu ishirini na saba, mia moja na ishirini na sita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisimama uwanjani siku zote tatu, nikala vumbi, nikakanyagwa na mama mmoja aliyebeba beseni la karanga, na nilipotoka nilikuwa na hakika kwamba nipo.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati, nikapangiwa kazi ofisi ya mipango ya mkoa. Nilikuwa na tabia ya kuhoji kila kitu, tabia ambayo sikuipata chuoni. Nilianza nayo Ushirombo, nikiwa kijana wa kipaimara, nilipomuuliza padri ni nani aliyewahesabu wale waliokula mikate na samaki, na kwa nini wanawake na watoto hawakuhesabiwa ilhali walikula. Padri alinijibu kwamba nikakate nyasi nyuma ya kanisa.

Desturi yenyewe ni hii. Wasukuma wakishavuna na kuuza pamba, hucheza ngoma za mashindano. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na hakuna jaji. Watazamaji huamua kwa miguu. Wakichoshwa na upande huu, wanahamia ule. Jua likizama, kundi lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa hiyo wachezaji hufanya lolote la kuvuta watu: hucheza na nyoka, hujichimbia mashimo wakaimba humo ndani, na hutumia dawa ya kuvuta umati, iitwayo samba, ambayo kila kundi hudai ya kwake ni kali na ya wenzao ni unga wa muhogo.

Sina kawaida ya kusifu sheria, lakini hii niliipenda. Ubaya wake ni kwamba jua likizama kila upande husema umati wake ndio mkubwa, na giza halimpingi mtu. Msimu uliotangulia waliamua kwa fimbo. Hospitali ya Kolandoto ilishona vichwa vya pande zote mbili katika wodi moja, na nasikia majeruhi waliendelea kubishana vitandani mpaka muuguzi akatishia kuwashona na midomo.

Afisa utamaduni wetu alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa vizuri, asiyependa kuona damu. Yeye ndiye aliyepata wazo kwamba mwaka ule umati uhesabiwe, na hesabu ijumlishwe na kompyuta, maana kompyuta haina ukoo.

Kompyuta tulikuwa nayo. Wafadhili waliileta kwa ajili ya takwimu za pamba, ikawekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbolea, na juu yake ikatandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama inavyofanywa kwa redio. Chumba kilinuka mbolea bado. Ukikaa humo saa nzima ulitoka macho yakichuruzika, na wageni walidhani kazi ya kompyuta inasikitisha.

Nilihoji. Nilimwambia afisa kwamba kama macho ya watu elfu moja hayawezi kukubaliana, mashine isiyo na macho itatusaidia nini. Alinijibu kwa upole kwamba ndiyo maana haitapigana.

Sasa nimtaje aliyekuwa na cha kupoteza. Dereva wa ofisi yetu alikuwa ndiye ningi wa kundi la nungunungu, yaani kiongozi, mtunzi na mwimbaji wao. Mzee mfupi, ndevu zimeanza mvi, shingoni filimbi ya pembe aliyoipokea kabla ya Uhuru. Alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na watu wa nyoka, kundi pinzani linalocheza na chatu. Kwa desturi ya kundi lake, ningi akishindwa misimu mitatu mfululizo huivua filimbi mbele ya wazee, na mwingine huivaa. Huyo mwingine alikwisha kujulikana. Alikuwa kijana wa kiwanda cha kuchambua pamba, na alipokutana na mzee njiani alipiga mluzi kwa vidole, kwa heshima zote.

"Nikishindwa tena, ng'wanawane," dereva aliniambia tukiwa njiani, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "nitakuwa dereva tu."

Alilisema hilo bila huzuni, kama mtu anayetaja hali ya tairi.

Programu ya kujumlisha niliitoa Geita. Huko kulikuwa na mradi wa kupima miamba ya dhahabu, na mtaalamu mgeni aliyekaa ndani ya kontena lenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba wachimbaji wadogo walikuja na visingizio vya kuuliza njia ili wapoe. Alikuwa na kompyuta kubwa, na alikuwa ameandika kwa C, lugha ya kompyuta, programu ya kujumlisha uzito wa sampuli za mawe, makundi kwa makundi. Nilimuuliza kama itafanya kazi kwenye mashine yetu ndogo. Akasema uzuri wa C ni kwamba unaandika mara moja, na inakwenda popote. Nikamuuliza, popote wapi? Akasema popote. Nikaondoka na diski mfukoni, na wiki hiyo hiyo naye akaenda likizo kwao.

Nilibadilisha maneno tu. Mahali pa mawe nikaandika nungunungu na nyoka. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilikubali kila kitu bila kulalamika, na kwa mtu aliyezoea ofisi za serikali, kitu kinachokubali bila kulalamika kilitosha kunitia wasiwasi.

Siku tatu za ngoma, walimu wa shule za msingi walisimama juu ya madawati, wengine upande wa nungunungu, wengine wa nyoka. Kila nusu saa walihesabu vichwa, na kila vichwa kumi wakadondosha mbegu moja ya pamba ndani ya kopo, mabaki yasiyofika kumi wakayaandika kwa chaki. Dereva aliimba mpaka sauti ikamkauka. Aliingia shimoni, akatoka na nungunungu hai mikononi, akamtupa hewani na kumdaka kwa ungo. Watu walikuwa wakimiminika upande wake waziwazi. Hata mwalimu mmoja wa upande wa nyoka alikuwa amesimama juu ya dawati lake akiwa amegeuza mgongo kwa wale anaowahesabu.

Jumatatu kitambaa kilivuliwa. Niliingiza hesabu zote, nikabonyeza, na kwenye kioo ikatoka: nungunungu, hasi 27,126, nyoka, 29,875.

Nilimwambia afisa kuna kosa. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akauliza kosa liko wapi. Nikasema sijui bado, lakini umati hauwezi kuwa hasi. Akaniuliza kama nimesomea umati. Nje watu walikuwa wameanza kusukuma mlango.

"Kijana," akasema, "serikali haitangazi makosa. Inatangaza matokeo."

Akatoka, akayasoma kwa kipaza sauti bila kuruka neno, hata neno hasi.

Kisha mzee mmoja wa nungunungu akauliza hasi ndiyo nini. Afisa akamweleza kwamba ni chini ya sifuri.

"Chini ya sifuri kuna watu?"

"Kwa mujibu wa mashine, wapo."

Kuanzia hapo mji ulikuwa na kazi. Sokoni walisema hao walikuwa wafu, ndiyo maana walimu hawakuwaona ila mashine iliwaona. Mganga mmoja alisema samba ya dereva ilizidishwa kipimo ikageuka, ikawa inawavuta watu na kuwasukuma hapo hapo. Watu wa nyoka walikuja na tafsiri yenye faida zaidi: kwamba hasi ni deni, na kwa hiyo nungunungu wanadaiwa watazamaji elfu ishirini na saba na ushee. Ujumbe wao ulifika ofisini kuuliza watalipwa lini, na kama watu wa Ushetu wanakubalika, maana huko wapo wengi na tumbaku ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Wazee wa nungunungu hawakuwa na utani. Walimwita dereva, wakamwambia aivue filimbi. Afisa utamaduni, ambaye alikuwa ameanza kuona fimbo zikitoka majumbani, akawaomba wasubiri mpaka Jumapili ili ofisi ipitie upya. Wakakubali. Kijana wa kiwandani akanunua kamba mpya ya kuvalia filimbi.

Kosa nililipata siku ile ile, na lilikuwa la kijinga kiasi kwamba nilicheka peke yangu katika harufu ya mbolea. C ina aina ya namba nzima iitwayo int. Lugha yenyewe haisemi int ina ukubwa gani. Inaiachia kila mashine ichague ukubwa unaoifaa. Mashine ya Geita iliona kinachoifaa ni biti thelathini na mbili, biti ikiwa ni nafasi moja ya kuandikia sifuri au moja. Yetu iliridhika na kumi na sita. Biti kumi na sita, ukitenga nafasi ya alama ya hasi, hubeba mpaka 32,767. Ukiongeza mtu mmoja juu ya hapo, namba haigomi wala haikohoi. Inaruka mpaka hasi 32,768, na kutoka huko inaendelea kuhesabu kupanda kuelekea sifuri, kwa amani kabisa. Dereva alikuwa amepita kiwango hicho. Watu wa nyoka walibaki chini yake, na kwa hiyo walikuwepo. Yeye alivuta watu wengi kupita mashine ilivyoweza kuwaza, akaadhibiwa kwa hilo.

Nilimweleza yeye kwanza, kwa mfano wa mita ya kilomita ya Landrova yetu, ambayo ilikuwa imekwisha kujaa tisa tupu na kurudi sifuri, na tangu hapo kwenye vitabu vya ofisi gari lilihesabika jipya. Akauliza, sasa kwa nini gari likizidisha linakuwa kijana, na yeye akizidisha anakuwa hayupo. Hata leo nadhani hilo ni swali la kuwauliza waliotengeneza mashine.

Kamati ya mkoa ya mashindano ilikutana Jumatano. Katika miaka ile hakuna jambo ambalo halikuweza kuletwa kikaoni, na sasa ukaletwa ukubwa wa int. Nilikuja na debe na kopo la kibaba. Nikasema: hapa Shinyanga mtu akikuambia lete kipimo kimoja cha mahindi, na Geita mtu akikuambia lete kipimo kimoja cha mahindi, neno ni lile lile, lakini huyu ana kopo na yule ana debe. Programu imeandikwa Geita kwa debe. Imekuja hapa, ikamiminwa kwenye kopo.

Mwenyekiti alilitazama kopo muda mrefu. Mjumbe mmoja akasimama kwa hasira na kuuliza ni kwa nini wafadhili walitupa namba nusu. Akasema wametupunja. Dhahabu iko Geita, kwa hiyo namba nzima wamezipeleka kwenye dhahabu, na sisi wa pamba tumeachiwa makombo. Mwingine akapendekeza kwamba kuanzia siku hiyo int iwe na biti thelathini na mbili katika mkoa mzima, na wilaya zijulishwe. Hoja iliungwa mkono na kupitishwa. Nilijaribu kueleza kwamba mashine haitajua kuwa kuna azimio. Mwenyekiti akasema hiyo ni kazi ya utekelezaji, na mtekelezaji ni mimi.

Alhamisi tulikwenda Geita. Dereva alikuwa akitunga, niliona midomo ikicheza, na mara mbili alisimamisha gari katikati ya barabara, bila sababu ya barabara, akapiga usukani kwa viganja akitafuta mdundo. Kwenye kontena alikuwepo msaidizi wa yule mtaalamu, akatufungulia mashine. Programu ile ile, hesabu zile zile, bila kubadili hata nukta. Kioo kikaandika: nungunungu, 38,410, nyoka, 29,875.

Dereva aliomba asomewe mara mbili. Kisha akatoka nje, akasimama juani kati ya wachimbaji, na kupitia dirisha dogo nilimwona akiishika filimbi kifuani bila kuipuliza.

Tulirudi tumechangamka, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa sijaijua kamati. Mwenyekiti aliupokea ushahidi wa Geita, akaurudisha. Geita, alinikumbusha, ipo mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Shinyanga hauwezi kutangaziwa mshindi na mashine ya mkoa mwingine. Leo ngoma, kesho watatuhesabia ng'ombe. Kama nungunungu wameshinda, mashine ya Shinyanga iseme yenyewe, kwa kinywa chake.

Kwa hiyo sababu yangu ya kwanza maishani ya kuandika C inayohamishika kutoka mashine moja hadi nyingine haikutoka kwenye kitabu chochote. Ilikuwa ni mpaka wa mkoa.

Nilibadilisha. Pale palipoandikwa int, nikaandika long, aina nyingine ya namba, ambayo hata kwenye mashine yetu ilikuwa na biti thelathini na mbili. Afisa utamaduni hakutaka tena kutangaza kitu alichokisikia kwangu. Ijumaa asubuhi aliita pande zote mbili ndani ya chumba cha kompyuta, ili kila mtu aone kwa macho yake. Wazee wa nungunungu walikuja watatu na dereva. Kwa watu wa nyoka alikuja ningi wao, mwembamba mrefu, na gunia begani. Nikamwomba aliache gunia nje. Akasema lina chatu, na chatu huyo hapendi upweke. Likawekwa kando ya mashine, ambako kulikuwa na joto, nalo likaonekana kuridhika.

Nikabonyeza. Ikatoka: nungunungu, hasi 27,126, nyoka, 0.

Nani angeelezea? Nilikuwa nimebadilisha namba, lakini sikubadilisha alama inayoiambia programu namna ya kuziandika kwenye kioo. Alama hiyo bado iliamini inapewa makopo. Ilipopewa madebe mawili, ikachota kopo la kwanza kutoka debe la nungunungu, ikalisoma kama mwanzo, hasi. Kisha ikachota kopo la pili, ikidhani sasa imefika kwa nyoka, kumbe bado imo ndani ya debe lile lile la nungunungu, sehemu ya juu, ambayo ilikuwa tupu. Nyoka wenyewe hawakuguswa kabisa.

Ningi wa nyoka alisoma sifuri ile bila msaada wa mtu.

"Sifuri?" akasema. "Na mimi mwenyewe? Mke wangu je, aliyekuja na uji?"

"Afadhali wangu wako hasi," dereva akamwambia. "Wa kwako hata hasi hawakufika."

Mzee mmoja akacheka mpaka akajishika kwenye meza, meza ikatikisika, gunia likasogea, na tukajikuta wote tuko nje upande wa pili wa uzio isipokuwa chatu na kompyuta. Ilibidi kumsubiri ningi wa nyoka ahakikishe kila aliyetakiwa kuwa ndani ya gunia yumo, ndipo umeme ukakatika kwa sababu zake wenyewe, na siku ikaishia hapo.

Jumamosi niliifanya kazi kama ilivyostahili kufanywa tangu mwanzo. Nilikataa kuuliza tena kila mashine inapenda kuiita nini namba kubwa. Nikabuni aina yangu mwenyewe, nikaiita watu, nikaiweka kwenye faili fupi ambalo programu hulisoma kabla ya yote. Faili likasema: kama uko Shinyanga, watu ni long, kama uko Geita, watu ni int, na alama ya kuwaandika kwenye kioo ni hii kwa huku na hii kwa kule. Programu yenyewe, kutoka juu mpaka chini, ikawa haijui tena habari za int wala long. Ilijua watu tu. Nilijisikia nimeandika kitu cha kwanza cha akili tangu nifike mkoani. Kioo kikasema, kwa kinywa cha Shinyanga: nungunungu, 38,410, nyoka, 29,875.

Nikampelekea mwenyekiti nyumbani kwake, nikamkuta anakata kucha. Alinisikiliza vizuri. Akasema tatizo sasa si jibu. Tatizo ni kwamba kompyuta imeulizwa neno moja, ikajibu mara tatu, majibu matatu, na shahidi wa namna hiyo akipanda kizimbani huwa anashuka na pingu. Akasema matokeo yamepokelewa. Katika lugha ya vikao, kupokelewa ni namna ya kuzikwa bila kelele.

Wazee wa nungunungu nao walikataa. Nilikwenda kwao na dereva jioni ile, nikawapa shikamoo, nikaeleza yote, kopo, debe, mpaka wa mkoa. Mkubwa wao alisema hawana ugomvi na mimi wala na mashine. Lakini filimbi ile imepita shingo nyingi, na hakuna hata moja iliyoipata au kuipoteza kwa kuambiwa. Kesho ni Jumapili. Uwanja upo, nyoka wapo. Watazamaji watembee, sisi tutazame. Hakuna walimu, hakuna mbegu. Ukishindwa, unavua.

Dereva akasema sawa, upesi, kama mtu aliyekuwa akilingoja hilo. Kisha akaniomba kamba ya kuvutia gari, ile ndefu ya ofisi. Sikumuuliza ya nini. Kwangu hilo ni jambo la nadra.

Jumapili baada ya misa nilifika uwanjani nikakuta watu wengi kuliko siku zote tatu za mwanzo. Walitoka Kolandoto, walitoka vijiji vya njia ya Kahama, wengine kwa baiskeli. Habari za watazamaji hasi zilikuwa zimesafiri, na kila mtu alitaka kujua wanafananaje. Upande wake wa uwanja dereva alikuwa amepigilia vigingi, akazungusha ile kamba ya ofisi, na ndani ya kamba pakawa na eneo kubwa, tupu kabisa. Hapo katikati palikuwa na viti viwili, mtungi wa maji na kata.

Alipotoka kuimba hakutazama umati. Aliligeukia lile eneo tupu, akainama, akaliamkia.

"Shikamooni, ninyi wa hasi."

Akasubiri, kama mtu anayesikiliza marahaba. Akatikisa kichwa, akachota maji, akayamwaga chini kwenye mchanga ndani ya kamba, na ngoma zikaanza. Wimbo ulikuwa ule wa barabara ya Geita. Ulisema: wangu walikuja wengi mpaka macho yakashindwa, mashine ikawaficha chini ya sifuri wasije wakaibiwa, asiyewaona asiseme hawapo, asogee. Watu wakasogea. Walijazana pande zote nne za kamba, wakinyoosha shingo kutazama mchanga mtupu, wakiambiana kwamba yule pale kwenye kiti cha kushoto ni mnene. Wanawake waliwaonya watoto wasikanyage ndani. Mimi, mwenye shahada, niliyejua kila biti ya jambo lile, nilipigana viwiko na mtu nisiyemfahamu ili nikae mbele.

Nilipogeuka kuangalia upande wa pili, nyoka walikuwa wakichezwa vizuri sana mbele ya mbuzi wachache na afisa utamaduni, aliyebaki huko kwa adabu.

Kisha ngoma za kule zikazubaa, zikanyamaza moja moja. Ningi wa nyoka alivuka uwanja, gunia begani. Ningi anayevuka kwenda kutazama ngoma ya mwenzake amesema yote, na watu walimpisha njia kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya gunia. Akafika kwenye kamba, akatazama ndani, akamtazama dereva.

"Naweza kuingia?"

"Ukiingia humo unahesabiwa hasi," dereva akasema.

"Juzi nilikuwa sifuri," akajibu yule mwembamba. Akainua kamba, akaingia, akakaa kwenye kiti cha kulia na kuweka gunia kwenye kile cha kushoto, juu ya yule mnene.

Wazee walisimama tu, wakakung'uta vumbi, wakaanza kuelekea pombeni. Kijana wa kiwandani alitoa kamba yake mpya mfukoni, akaitazama, akamfungia nayo mbuzi mmoja aliyekuwa akizurura.

Jumatatu tulikuwa barabarani tena, safari ya kawaida ya takwimu za pamba. Sauti ya dereva ilikuwa imekwisha. Alizungumza kwa mnong'ono, filimbi ikigonga kifungo cha shati kila tulipopita shimo. Akaniuliza ile watu niliyoitengeneza inabeba watu wangapi. Nikamwambia zaidi ya bilioni mbili.

"Na wakizidi hapo?"

Nikasema watakuwa hasi, kama kwanza.

Akaendesha mpaka tukapita mto uliokauka.

"Bilioni mbili nitawatoa wapi?" akasema. "Rudisha ile ndogo."